Kidole kifuani au mbegu mkononi? Kuchagua njia ya kumfunza kasuku kupanda mkono

Katika kichochoro chetu cha Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kuna makasuku wawili wa kijivu. Nahodha yuko kwa jirani yangu, nyumba ya tatu ukitokea upande wa bahari. Sururu yuko kwangu. Nahodha alianza kupanda mkononi siku ya tatu tangu aletwe. Sururu alinichukua wiki saba. Ukihesabu siku peke yake, njia ya jirani imeshinda na huna haja ya kuendelea kusoma. Lakini kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka 40 hata 60, na ndani ya umri huo wiki saba ni kitu kidogo sana. Kwa hiyo nitazilinganisha njia zetu mbili kwa yale yanayokuja baada ya siku ya tatu: nani anaumwa na ndege, nani mwingine nyumbani anaweza kumshika ndege, na inakuwaje siku mambo yakiharibika.

Kwanza karatasi, kwa ufupi. Kasuku wa kijivu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, tangu Januari 2017, maana yake biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Hapa Kenya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakutaka uwe na kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ndipo umfuge. Mimi Sururu nilimrithi kwa ami yangu, yeye na faili lake. Ndege anayeuzwa kwa kunong'onezana, asiye na kibali, mwache hata kama bei ni ya kuokota. Tena, ukiiweka sheria kando, ndege wa namna hiyo mara nyingi ametolewa msituni akiwa ameshakua, na hofu aliyonayo kwa mkono wa binadamu haiondoki kwa wiki saba wala kwa miezi saba.

Kupanda mkono ni kitu gani

Ni ndege kuweka miguu yake miwili juu ya kidole au mkono wako ukimwomba, akatulia hapo. Watu hulichukulia kama mchezo wa kuwaonyesha wageni wa Idi, ila mimi nalihesabu kuwa la lazima kama maji. Bila hilo huwezi kusafisha tundu bila vita. Huwezi kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Huwezi kumtoa jikoni kikaango cha utando usioshika chakula kikisahaulika motoni, na moshi wa kile kikaango humuua ndege kwa dakika chache kabla binadamu hajakohoa. Ndege hupumua kwa mapafu na mifuko ya hewa iliyoenea mwilini mwake, kwa hiyo kinachoingia humfika haraka. Udi na ubani vilevile: siku za kufukiza nyumba, Sururu huhamia chumba cha nje mpaka harufu iishe, na huhamia juu ya mkono wangu.

Njia ya jirani: kidole kifuani

Mzee jirani yangu alijifunza kwa babake, na bado wengi mjini wanafunza hivyo. Unaingiza mkono tunduni, unaweka kidole cha shahada chini ya kifua, pale tumbo linapokutana na miguu, unasukuma kidogo. Ndege anayumba, na ili asianguke anainua mguu na kukanyaga kidole. Unasema "panda". Unamletea kidole cha mkono wa pili, anapanda tena, mara kumi, mara ishirini, kama ngazi isiyokwisha. Akikataa unasukuma zaidi. Akiuma huondoi mkono, ili asijue kwamba mdomo wake unafanya kazi. Akizidi ukaidi anafunikwa leso na kutolewa kwa nguvu. Na manyoya ya mabawa yalishakatwa siku ya kwanza ili asiwe na pa kukimbilia.

Nilipomwambia mzee kwamba mimi sitafanya hivyo, alinijibu: "Mwanangu, ndege ni kama mtoto, ukimbembeleza atakupanda kichwani." Nikamwambia, "Mzee wangu, na mimi nataka anipande, ila kwa hiari yake." Tukaachana kwa salama, kila mtu na ndege wake.

Njia hii ina mahali pake, na ni haki niseme. Kinda aliyelishwa kwa mkono tangu hana manyoya haogopi vidole. Kwake kidole kifuani ni ishara tu, kama mtu kuguswa begani ili asogee. Ukimgusa kwa upole atapanda siku ileile na hutakuwa umemdhulumu. Nimeona kinda wa namna hiyo akipanda mkono wa mgeni kabisa.

Shida ni kwamba inafanya kazi hata kwa ndege asiyetaka. Kinachomwinua mguu ni kuogopa kuanguka. Wewe huku juu unaona amekubali, na yeye hajakubali chochote, amejizuia asidondoke tu. Ndio maana siku tatu zinatosha: hujajenga kitu, umetumia maumbile yake.

Ndege husema kabla ya kuuma

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo njia zetu zilipoachana.

Sururu akiona jambo asilolipenda, manyoya yake hulala na kubana mwilini, ghafla anaonekana mwembamba kama aliyetoka kwenye mvua. Hilo ni neno la kwanza. Ukiendelea, shingo hunyooka na uzito wote huhamia mguu wa mbali nawe. Mwili unaondoka ingawa miguu bado iko palepale. Kisha macho: mboni inakaza na kupanuka, inakaza na kupanuka, ndani ya lile duara la rangi ya manjano. (Macho peke yake yasikudanganye, maana hufanya hivyo hata akifurahi kuona tende. Yasome pamoja na manyoya.) Halafu unasikia mngurumo mdogo wa kukwaruza, sauti ambayo hungeamini imetoka kwa ndege. Ni baada ya hayo yote ndipo anauma.

Yaani amekwambia mara nne. Njia ya kidole kifuani inamtaka mfunzaji azipuuze zote nne, kwa sababu kusikiliza ni "kushindwa". Na kasuku si mjinga. Akiona kwamba kujikunyata hakusaidii, kuegemea hakusaidii, kunguruma hakusaidii, anaacha kupoteza muda. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nikipita kwa jirani karibu kila alasiri, na niliona lugha ya Nahodha ikipungua moja baada ya nyingine. Kwanza akaacha kunguruma. Baadaye akaacha hata kuegemea. Mwishowe alikuwa anakaa kimya kama sanamu, mzee akisema "umeona alivyotulia", halafu siku moja katika kumi anazamisha mdomo kwenye kidole mpaka damu. "Anauma ghafla tu," wakasema nyumbani kwao. Hakuwa anauma ghafla. Alikuwa amefunzwa kuruka maneno na kwenda moja kwa moja kwenye kitendo.

Na ule ukimya wenyewe si utulivu. Kasuku aliyetulia kweli hulegeza manyoya, husimama kwa mguu mmoja, husaga mdomo wake taratibu akikaribia kusinzia. Aliyeganda ni aliyekata tamaa.

Njia yangu: mbegu mkononi

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Sururu alipoletwa kutoka kwa ami, kamba yake ilikuwa ni hofu. Alikuwa amezoea mikono ya mtu mmoja, na mtu huyo hayupo tena. Wiki ya kwanza sikumgusa. Niliondoa mbegu zote za alizeti kwenye bakuli lake, nikamwachia matunda, mboga, nafaka na mchanganyiko wake wa kila siku. Alizeti ina mafuta mengi, haifai kuwa chakula cha kutwa, ila kama malipo haina mfano. Kila nilipopita karibu na tundu nilidondosha mbegu moja kwenye bakuli na kwenda zangu. Asubuhi nilikunywa chai na mahamri nimeketi upande, sio uso kwa uso. Macho mawili yaliyokazwa mbele ni macho ya mwewe. Kasuku hapendi kutumbuliwa.

Wiki ya pili mbegu ilitoka kwenye vidole vyangu, kupitia nondo za tundu. Aliichukua siku ya nne.

Wiki ya tatu nikaanza kidoko. Watu wengine hununua kibonyezo cha plastiki chenye mlio, lakini ulimi unatosha: unapiga kidoko mara moja, unatoa mbegu. Kidoko, mbegu. Kidoko, mbegu. Baada ya siku mbili tatu ndege anaelewa kwamba mlio ule maana yake "hilo ulilofanya sasa hivi ndilo". Faida yake ni kwamba mlio unafika papo hapo, mbegu huchelewa. (Jiandae: kasuku wa kijivu akipenda sauti ataiiga, na Sururu sasa hupiga kidoko mwenyewe akimaliza kunywa maji.) Kisha nikachukua kijiti cha mshikaki, nikakikata ncha na kukisugua kisimdunge, nikakiweka mbele yake. Akikigusa kwa mdomo: kidoko, mbegu. Nikakisogeza kidogo kulia, akakifuata. Nikakipeleka mwisho wa ule mti anaosimamia, akatembea. Kufikia hapo nilikuwa naweza kumpeleka popote ndani ya tundu bila kumgusa, na yeye alikuwa anaona amepata kazi yenye mshahara.

Mkono ulikuja mwisho. Nilikiweka kijiti upande wa pili wa kidole changu, ili kukifikia lazima aje juu ya kidole. Siku ya kwanza aliinyoosha shingo tu. Nikamlipa hiyo shingo. Siku ya tatu aliinua mguu mmoja na kuurudisha. Nikaulipa mguu uliorudi. Kidole kilikuwa juu kidogo kuliko miguu yake, maana kasuku hupenda kupanda kuliko kushuka, na nilikitia ugumu kisiyumbe.

Kisha likaja jambo ambalo ndilo huwaharibia wengi. Kabla ya kukanyaga, Sururu alifungua mdomo na kukishika kidole changu. Nikauona ule mdomo mweusi, mpana kuliko kucha ya gumba langu, nikauhisi ulimi wake mkavu ukigusa ngozi. Moyo ulinidunda. Mwili wote uliniambia toa mkono. Lakini hakuwa anauma. Kasuku hutumia mdomo kama mguu wa tatu. Alikuwa anajaribu kama hapo mahali ni imara, kama mtu anayeshuka mashuani anavyoukanyaga ubao kwanza kabla ya kuuamini. Ukitoa mkono wakati huo, ubao umeondoka chini ya mguu wake. Kesho hatajaribu tena, au atajaribu kwa kubana zaidi. Nilishusha pumzi, sikutikisika. Akaachia kidole, akaweka mguu wa kushoto, akangoja, akaweka wa kulia. Gramu mia nne na kitu. Nikapiga kidoko, nikampa mbegu tatu badala ya moja, nikamrudisha kwenye mti wake kabla hajaomba.

Kumrudisha mapema ni nusu ya kazi. Ndege anayejua kwamba kupanda hakumaanishi kutekwa hupanda kwa urahisi kesho yake. Kama kila akipanda unampeleka tunduni na kumfungia, muda si mrefu "panda" itakuwa neno la jela.

Vipindi vyetu ni vya dakika tatu hadi tano, mara mbili kwa siku: asubuhi kabla ya chakula chake cha kwanza, na alasiri kabla ya magharibi. Akikataa, naondoka na mbegu zangu bila kinyongo, narudi baadaye. Anao uhuru wa kukataa. Kasuku Alex, ambaye mtafiti Irene Pepperberg alimfunza huko Marekani tangu 1977 mpaka ndege huyo alipokufa 2007, anakumbukwa kwa kujua rangi, maumbo na hesabu ndogondogo. Mimi kinachonigusa zaidi ni kwamba alikuwa na neno la kukataa, na akichoka na masomo aliweza kusema kwamba anataka kurudi.

Ukiziweka bega kwa bega

Muda: ya jirani ni siku, yangu ni wiki. Kwa ndege aliyeonja mabaya, yangu inaweza kuwa miezi. Sitaki kumficha mtu hilo. Kama wewe ni mtu wa safari za kila wiki, umwambie aliyebaki nyumbani aendelee, la sivyo usianze.

Gharama: hakuna tofauti ya maana. Alizeti robo kilo kutoka Marikiti hukaa miezi. Ukitaka malipo ya kumwongezea hamu, mpe kipande cha pilipili. Ndege hausikii ule ukali unaotuchoma sisi, na Sururu anaipenda pilipili mbichi na mbegu zake zote. Usimpe parachichi kamwe, ni sumu kwa ndege. Chokoleti, kahawa na krisi za mhogo zenye chumvi pia zibaki kwa wenyewe.

Kuumwa: kwa njia yangu niliumwa mara mbili katika wiki saba, mara zote mbili nilikuwa nimepuuza shingo iliyonyooka. Kwa jirani, walipoacha kuhesabu walikuwa wameumwa watu wanne.

Mikono mingine: hili ndilo lililonishangaza. Nahodha hupanda kwa mzee, tena si siku zote, lakini kwa mtu mwingine hapandi kabisa, kwa sababu kilichofunzwa ni nguvu ya mtu mmoja. Sururu alihamisha somo kwa mpwa wangu wa miaka kumi na minne ndani ya siku tano. Mpwa wangu alianza na kijiti cha mshikaki, akapiga kidoko vibaya siku ya kwanza, akazoea. Kumbe kwa ndege kazi ilikuwa ni ileile, mwajiri tu ndiye amebadilika. Sharti moja: nyumba nzima itumie neno moja. Sisi ni "panda" na "shuka" basi. Mmoja akisema "panda", mwingine "njoo", wa tatu "kuja hapa", ndege ataacha kusikiliza wote.

Na siku mambo yakiharibika? Mwaka jana wakati wa kusi, waya za umeme zilipiga cheche kwenye nguzo ya kichochoroni na moshi mzito wa plastiki ukaingia madirishani. Mimi nilikuwa Likoni, nimekwama ng'ambo. Mpwa wangu alisimulia baadaye: alifungua tundu, mikono inamtetemeka, akasema "panda". Sururu alijikunyata. Msichana akashusha pumzi, akauweka mkono imara, akapiga kidoko cha mbali kidogo kama anavyofanya akianza kipindi. Ndege akapanda. Wakashuka ngazi hadi kwa bibi wa jirani upande wa Mwembe Tanganyika, tundu dogo likafuata.

Kwa mzee, Nahodha alikimbilia nyuma kabisa ya tundu. Mkono ulikuja kifuani, akauma. Ikabidi leso. Na leso ina hatari yake: ndege hana kiwambo cha kumsaidia kupumua kama sisi, hupumua kwa kupanua kifua, na ukimbana kifua kwa hofu yako unaweza kumnyima pumzi mkononi mwako. Mtoto wa mzee alimfunga taratibu, Alhamdulillahi alitoka salama, ila kidole gumba kilishonwa. Nahodha baada ya hapo alianza kujinyonyoa manyoya ya kifua.

Sisemi haya kumwaibisha mzee, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa niyaandike. Wiki iliyofuata alikuja kuniuliza kidoko kinapigwaje.

Kama ndege alishaharibiwa

Basi Nahodha akaanza upya, na hapo nikajifunza kwamba kubomoa ni kugumu kuliko kujenga. Neno "panda" lilikuwa limechafuka. Mzee akilitamka tu, manyoya yanabana. Tukalitupa, tukachagua "twende". Mkono wenyewe ulikuwa umechafuka. Kwa hiyo tukatumia njia ya katikati, ambayo naipendekeza kwa kila mtu anayeogopa mdomo wa kasuku au mwenye kasuku anayeogopa mikono: kijiti cha kupandia. Ni tawi safi la mpera, unene wa kidole gumba, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Unamfunza kulipanda kwa mbegu, hatua zilezile. Akilizoea, kila siku unashika karibu naye zaidi, inchi kwa inchi, mpaka siku moja mguu wake mmoja uko kwenye mti na mwingine kwenye kidole chako, na hajali.

Ilichukua miezi minne. Manyoya ya kifua yameanza kurudi. Kwa mzee mwenye mikono inayotetemeka au mtoto mdogo, kijiti kinaweza kubaki hivyo daima. Tawi halitetemeki ovyo, na aliyelishika hana hofu ya kuumwa, hivyo hulishika vizuri.

Kuhusu mabawa

Wanaotumia kidole kifuani karibu wote hukata mabawa, maana bila hivyo ndege angeruka. Mimi sikukata. Kasuku aliyekatwa vibaya huanguka kama embe na anaweza kuvunja mfupa wa kidari kwenye sakafu zetu za saruji. Lakini asiyekatwa anadai uangalifu wako: madirisha yafungwe au yawe na nyavu, feni ya dari izimwe kabla ya kufungua tundu kila mara bila kusahau, na paka wa Mji wa Kale wajue mipaka yao. Mtu asiyeweza kuahidi hayo, ningemwambia amfunze ndani ya tundu na chumba kimoja tu kwanza, asikimbilie mkasi.

Ndege wadogo

Kwa kasuku wadogo wa Australia na kokateli (kasuku mdogo mwenye kishungi), wengi hudhani hakuna haja ya kuchagua njia kwa sababu hata wakiuma hakuumi sana. Ndiyo maana wanaonewa zaidi. Tumia shuke la uwele badala ya alizeti, vipindi vya dakika mbili, na kidole hicho hicho kimoja. Kokateli anaweza kukubali ndani ya siku chache.

Mambo ya Mombasa yanayovuruga somo

Joto la adhuhuri: ndege anayepumua mdomo wazi na kuyaachanisha mabawa na mwili hasomi chochote, mpe maji na kivuli. Kunguru: usifunzie barazani au roshanini, wakimwona watakusanyika na kupiga kelele, na hofu hiyo ataihusisha na mkono wako. Usingizi: kasuku anataka muda wa saa kumi hadi kumi na mbili wa giza na utulivu. Mwezi wa Ramadhani nyumba zetu hukesha, taa na televisheni mpaka daku. Mwaka wa kwanza Sururu aligoma kabisa kupanda nikadhani nimekosea somo, kumbe alikuwa hajalala. Sasa mwezi huo huhamia chumba cha nyuma baada ya magharibi, na kipindi cha asubuhi husogea mbele kwa muda wa saa moja.

Basi uchague ipi

Una kinda aliyelelewa kwa mkono, anayekujia mwenyewe? Mguse tumbo kwa upole, sema "panda", mlipe mbegu, umemaliza. Ila akiegemea nyuma hata mara moja, rudi kwenye mbegu peke yake. Una ndege mkubwa aliyehama nyumba, au hujui alikotoka? Mbegu mkononi, na usihesabu siku. Ameshaumiza watu? Kijiti, neno jipya, na mtu mmoja mvumilivu aanze naye kabla ya wengine. Ameacha ghafla kupanda ilhali alikuwa hodari, anatuna manyoya mchana na kusinzia? Hilo si somo tena, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, maana ndege huficha ugonjwa mpaka anapokaribia kushindwa.

Na kama umemleta leo jioni, usimfunze kitu. Weka tundu pembeni, ukuta upande mmoja apate pa kuegemea mgongo. Toa alizeti kwenye bakuli, zitie kwenye kikopo karibu na mlango. Kesho kila mtu anayepita achukue moja, aidondoshe, aende zake.